Mazungumzo ya Nyumbani: Juu ya Kuimba

Mvua za kwanza zimekwisha kunyesha, majembe yametolewa pembeni, na mbegu za pamba na za mahindi zimewekwa tayari. Huu ndio wakati ambao nchi yetu huimba kuliko nyakati zote. Basi imefaa mwezi huu tuzungumze habari za kuimba.

Tena tunayo sababu nyingine. Mwalimu mmoja, ambaye kanisa lake li mbali na barabara, ametuletea swali. Asema: "Vijana wangu wamenunua kinanda cha umeme na spika mbili. Wazee wangu wataka ngoma. Akina mama wasema kitabu cha nyimbo chatosha. Nimsikilize nani?" Tumelifikiri swali hili siku nyingi, maana si swali la vyombo tu. Ndani yake limo jingine kubwa zaidi, nalo ni hili: Mungu apenda kusikia sauti gani kutoka kwetu? Tutajibu polepole, na katika kujibu hatuna budi kuungama kosa letu wenyewe, ili wengine wasilirudie.

Kwanza na tutazame Maandiko. Kuimba si pambo lililoongezwa juu ya ibada baada ya kazi kwisha. Daudi alipopanga utumishi wa nyumba ya Mungu, aliwatenga wana wa Asafu, wa Hemani na wa Yeduthuni kwa kazi ya vinubi, vinanda na matoazi. Na hesabu ya waliofundishwa kumwimbia Bwana ilikuwa watu 288, wakubwa kwa wadogo, mwalimu na mwanafunzi, wote wakipigiwa kura sawasawa. Habari hii imo katika kitabu cha kwanza cha Mambo ya Nyakati, mlango wa 25. Bwana wetu mwenyewe, usiku ule wa kusalitiwa, hakuondoka mezani kwenda mlima wa Mizeituni mpaka yeye na wanafunzi wake walipokwisha kuimba. Paulo na Sila waliimba usiku wa manane, miguu yao imefungwa katika mkatale, na wafungwa wengine wakawasikiliza. Yakobo naye afundisha ya kuwa aliye na taabu na aombe, na aliye na furaha na aimbe.

Wala si Maandiko tu. Karibu na mwaka 112 mtawala mmoja Mrumi, jina lake Plinio, alimwandikia Kaisari kumpa habari za Wakristo wa Bithinia. Hakuwapenda, na wengine aliwaua. Lakini alipowahoji juu ya mambo wanayoyafanya, aliambiwa ya kuwa hukutana siku maalum kabla ya mapambazuko, nao humwimbia Kristo kwa kupokezana, kama aimbiwavyo Mungu. Angalieni neno hilo, kupokezana. Mmoja huanza na wengine hujibu. Nani katika Usukuma asiyeijua namna hiyo? Ndivyo walimavyo watu wetu, na ndivyo watwangavyo mama zetu.

Sasa na tukumbuke jinsi Injili ilivyofika kwetu. Mapadre wa kwanza wa Wamisionari wa Afrika walikaa Bukumbi, kusini ya ziwa, mwaka 1883. Katika nchi ambayo leo ni wilaya ya Busega, palikuwa na misheni ya Nassa. Ilianzishwa na Waingereza wa CMS, na mwaka 1909 ikapokewa na Africa Inland Mission. Wageni hao walikuja na nyimbo zao, na nyimbo zile zilikuwa njema. Walizigeuza ziwe za Kiswahili na za Kisukuma kwa taabu nyingi, wakiandika usiku kwa taa, wakiuliza neno moja mara kumi. Wengine walileta pia namna ya kuandika sauti kwa herufi, do, re, mi, ambayo John Curwen wa Uingereza aliitengeneza katika karne ya 19 kwa kufuata kazi ya mwanamke mmoja, Sarah Glover. Mpaka leo kwaya zetu nyingi hujifunza kwa herufi hizo, bila kinanda, ubao na chaki tu. Twawashukuru.

Lakini wengi wao walizikataza ngoma zetu. Twapenda kusema kweli pande zote mbili, kwa maana si haki kuwacheka waliotutangulia. Wasomaji wetu wajua ya kuwa Wasukuma tangu zamani wana vyama viwili vikubwa vya ngoma, Bagika na Bagalu, ambavyo mwanzo wao wasimuliwa kuwa ni watu wawili walioshindana, Ngika na Gumha. Vyama hivi hushindana mpaka leo baada ya mavuno, na mshindi ni yule avutaye watu wengi zaidi upande wake. Kwa sababu ya kutafuta ushindi huo watu walitumia dawa nyingi, wakaimba matusi juu ya wenzao, wakalala nje siku nyingi na pombe. Mmisionari aliyeona hayo hakukosea alipoogopa. Alikosea alipodhani ya kuwa dawa na ngoma ni kitu kimoja, na kwamba ukiitupa moja huna budi kuitupa ya pili. Mama akimwogesha mtoto humwaga maji machafu, lakini mtoto humshika vema.

Wapo waliotambua jambo hili. Huko Bujora, karibu na Mwanza, Padre David Clement, Mkanada, alijifunza sana desturi za Wasukuma, na kwa kazi yake Makumbusho ya Wasukuma yakaanzishwa mwaka 1968. Kanisa la Bujora ni la mviringo, kwa mfano wa nyumba za jadi. Na sikukuu ya Ekaristi imekuwa pamoja na Bulabo, yaani sikukuu ya maua, ambayo Bagika na Bagalu hufika kucheza, na waamini hutembea kwa maandamano. Mtaguso wa pili wa Vatikano, katika hati yake ya tarehe 4 Desemba 1963 juu ya liturujia, ulifundisha ya kuwa muziki wa jadi wa mataifa upewe heshima na nafasi yake, katika kuwafundisha watu dini na katika ibada yenyewe. Mwaka huo huo Padre Stephen Mbunga, Mtanganyika, alitoa kitabu kizima juu ya sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu. Na ndugu zetu Walutheri hawakukaa nyuma. Mwaka 1966 Bernard Kyamanywa, aliyekuwa akisomea uchungaji Makumira karibu na Arusha, alitunga wimbo wa Pasaka, "Mfurahini, Haleluya", kwa sauti ya Kihaya. Wimbo huo leo huimbwa hata Ujerumani na Marekani kwa lugha zao. Wazungu walituletea nyimbo, na sasa wao nao wapokea zetu.

Hata hivyo, kujua habari hizi ni jambo moja, na kuzitenda kanisani kwako ni jingine. Hapa ndipo tunapotaka kuungama.

Tulipokuwa tungali vijana katika kazi hii, tulipewa kuwafundisha watu wa kijiji kimoja kisicho mbali na mto Simiyu. Miongoni mwa waliokuja mafundisho alikuwapo mzee mmoja, ambaye katika ujana wake alikuwa mwimbishaji wa Bugobogobo, ngoma ya majembe. Ninyi mwaijua: wakulima husimama safu moja, ngoma hupigwa nyuma yao, majembe huinuka na kushuka pamoja, na aliye hodari hurusha jembe lake hewani akalidaka bila kukosa. Mzee huyu alikuwa ameacha dawa zake zote, akazitia motoni mbele ya watoto wake. Alijifunza miaka miwili. Kusoma kulimshinda, lakini sala alizijua zote kwa moyo.

Siku ya ubatizo wake, kanisa limejaa, maji yakali yakimdondoka kichwani, alifumba macho akaanza kuimba. Wimbo ulikuwa wa Kisukuma, wa sauti ya shambani, naye alikuwa ameutunga mwenyewe. Wazee wawili wakaanza kumwitikia. Nasi, kwa kuona haya mbele ya wageni, na kwa kuogopa ya kuwa utaratibu utaharibika, tuliinua mkono tukamnyamazisha. Tukataja nambari ya wimbo kitabuni. Mzee akaketi.

Miaka mingi alikuja kanisani kila Jumapili, katika mvua na katika jua. Hakukosa hata mara moja ila kwa ugonjwa. Lakini wakati wa kuimba midomo yake ilikuwa imefungwa. Tulimwona, tukasema moyoni, "Ni kwa sababu hajui kusoma." Tukaridhika na jawabu hilo, maana lilitufaa.

Msimu mmoja wa kulima, jirani yake alivunjika mguu, na watu wakakusanyika kumlimia shamba lake la pamba. Nasi tulikwenda. Tulipokuwa mbali kidogo tulisikia sauti yake, nzito, imenyoka kama njia ya ng'ombe, na watu kama thelathini wakimjibu. Tulisimama nyuma ya mti tukasikiliza. Alikuwa akiimba habari za Kristo aliyeingia katika safu ya wakulima, akauliza ni nani asiye na jembe, kisha akasimama mahali pa mgonjwa akalima mpaka jioni, wala hakudai pombe. Katika miaka yetu yote ya kufundisha hatukuwahi kueleza wokovu kwa maneno yaliyo wazi hivyo kwa mkulima wa Bariadi.

Walipopumzika tulimwendea tukamwuliza, "Baba, mbona wimbo huu huuimbi kanisani?"

Alitutazama kwa upole, akajibu, "Mwalimu, siku ile ulininyamazisha kwa mkono. Nikafikiri, labda Mungu wa kanisani hasikii Kisukuma cha shambani. Basi huimba huku, maana huku ninajua ya kuwa ananisikia."

Tulimwomba radhi pale pale, tumeshika majembe. Alitusamehe, akacheka hata. Alisema ya kuwa nyimbo za namna ile anazo zaidi ya ishirini, alizozitunga usiku, au akichunga, za Kuzaliwa kwa Bwana, na za mateso, na za kumzika mtu. Tukapatana ya kwamba tutakuja na daftari tuziandike zote, na Jumapili ifuatayo aanze ule mmoja kanisani. Jumapili ilipofika aliuanza, na kanisa zima liliitika, hata watoto waliokuwa nje mlangoni.

Lakini daftari hatukulipeleka. Tulisema, baada ya palizi. Kisha tukasema, baada ya kuvuna pamba, wakati kazi zitakapopungua. Pamba haijaisha kuvunwa, mzee aliugua kifua, akafa kwa siku tisa. Siku ya kumzika, wakati kwaya ilipokuwa ikitafuta waya wa spika, akina mama walianza ule wimbo wake mmoja tunaoujua, nao ukamfikisha kaburini. Nyingine zote zimelala pamoja naye. Twalisema jambo hili kwa huzuni, kwa maana halikuletwa na maskini wala na adui. Lilikuja kwa uvivu wetu tu, baada ya kiburi chetu.

Basi, ndugu mwalimu uliyetuuliza, kutoka katika kosa hilo tumejifunza mambo machache, nayo twakupa.

Jambo la kwanza ni juu ya maneno. Wimbo wa kanisa ni mafundisho yaliyovishwa sauti. Mtu husahau hotuba yetu kabla hajafika nyumbani, lakini wimbo humfuata kisimani na kitandani. Kwa hiyo mwalimu apime maneno kabla ya kupima sauti. Wimbo usemao uongo juu ya Mungu haufai hata ukiwa mtamu, na wimbo usemao kweli wafaa hata ukiwa wa sauti ya jembe. Apime pia kama watu waelewa. Tumewahi kuwauliza watoto maana ya wimbo waliouimba miezi mitatu, wasiweze kueleza hata mstari mmoja. Mtume asema katika 1 Wakorintho 14 ya kuwa ataimba kwa roho, tena ataimba kwa akili pia.

Jambo la pili ni juu ya sauti yenyewe, nalo lawahusu walimu wa kwaya zaidi. Kiswahili hutia nguvu katika silabi ya pili kutoka mwisho. Twasema "Mungu", "Bwana", "moyo", na nguvu iko mwanzoni. Mwisho wa neno hulala. Nyimbo nyingi za Ulaya hupanda na kumaliza kwa nguvu mwishoni, kwa sababu lugha zao zina maneno ya namna hiyo. Maneno yetu yakitiwa humo bila uangalifu, mwimbaji hulazimika kuikanyaga silabi iliyo dhaifu na kuiruka iliyo na nguvu, na msikilizaji husikia kama mtu achechemeaye. Katika Kisukuma hatari huzidi, maana lugha yetu hupanda na kushuka, na neno likipandishwa mahali pa kushuka laweza kugeuka maana. Ndiyo sababu wazee wetu, waimbapo nyimbo za kitabuni, nyuso zao huonekana kama watu waliobeba mzigo usio wao. Hatusemi tutupe kitabu. Kitabu kimetulea. Twasema, mwalimu atungapo au ageuzapo wimbo, kwanza ayaseme maneno kwa sauti ya kawaida, apige makofi mahali penye nguvu, kisha aiache sauti izaliwe na maneno.

Jambo la tatu ni juu ya vyombo. Ngoma haina dhambi. Ni ngozi ya ng'ombe na mti. Kinanda cha umeme nacho hakina utakatifu, wala spika. Vyote ni watumishi. Mtumishi akisema kuliko bwana wake, hutolewa nje mpaka ajifunze adabu. Chombo kikisaidia mkutano kuimba, na kikae. Kikiwanyamazisha watu, hata kama kimenunuliwa kwa fedha nyingi, kipunguzwe sauti. Na ngoma iletwapo kanisani, isiletwe na mtu mmoja kwa siri au kwa ubishi. Wazee wa kanisa wakae pamoja na mchungaji au padre, wakubaliane ni ngoma ipi, ipigwe lini, na nani. Ipo mipigo ambayo kijiji chote chajua ni ya mashindano au ya dawa. Mpigo huo huwarudisha walio dhaifu walikotoka, nasi twapaswa kuwahurumia. Ipo mingine ya kulima, ya kufurahia mtoto, ya kumkaribisha mgeni. Hiyo yaweza kumkaribisha Mfalme.

Jambo la nne ni juu ya kwaya. Twawapenda wanakwaya, wengi wao hutembea usiku kwenda mazoezini baada ya kutwa ya shambani. Lakini wazee walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Tumeona kwaya zikigombana juu ya sare. Tumeona kwaya ikitaka kuwa na nyimbo zote za ibada, mkutano ukakaa kama watu waliokuja kutazama. Tumeona kwaya mbili za kanisa moja hazisalimiani kwa sababu ya mashindano, na tukauliza, je, tumeziacha dawa za Bagika na Bagalu tukaubakiza ugomvi wao? Nabii Amosi, katika mlango wa tano, atangaza ya kuwa Mungu akataa kelele za nyimbo na sauti za vinanda mahali pasipo na haki. Mwimbaji anayemnyima mjane mpaka wa shamba lake, au aliyemwacha mkewe bila chakula, na asidhani ya kuwa sauti nzuri itamfunika. Kwaya ni kama chachu katika unga: kazi yake ni kuuumua unga wote, kisha isionekane.

Sasa twageukia nyumba, maana huko ndiko kuimba kunakoishi au kufa.

Twakumbuka vijana watatu wa Buganda, Makko Kakumba, Yusufu Lugalama na Nuwa Serwanga, waliouawa kwa moto tarehe 31 Januari 1885 kwa ajili ya imani. Mahali pa kifo chao paitwa Busega, karibu na Kampala, jina lile lile la wilaya yetu iliyo kando ya ziwa hili hili. Yasimuliwa ya kuwa walikwenda wakiimba wimbo wa sifa za kila siku, walioufunzwa misheni. Walikuwa wadogo, na Yusufu alikuwa mtoto hasa. Hawakuwa na kitabu mkononi saa ile. Walikuwa na kile kilichokuwa kimekwisha kuingia moyoni. Basi na tujiulize, mtoto wa nyumba yetu akikutwa na saa ngumu, mbali na kanisa, atakuwa na wimbo gani kinywani?

Mfikirieni pia Enoch Sontonga. Alikuwa mwalimu wa shule ya misheni ya Wamethodisti karibu na Johannesburg. Mwaka 1897 alitunga wimbo wa kumwomba Mungu baraka kwa ajili ya Afrika, akawafundisha watoto wa shule. Alikufa mwaka 1905, bila kujua utakwenda wapi. Mwaka 1961 sauti yake ikawa wimbo wa taifa la Tanganyika, na kila mtoto wa shule hapa Bariadi huusimamia asubuhi chini ya bendera. Mwalimu wa kijiji asidharau wimbo anaowafundisha watoto kumi na wawili chini ya mti. Hajui utaimbwa na nani.

Siku hizi nyumba nyingi zina simu, na simu zaimba mchana kutwa. Nyimbo za dini zimejaa humo, nasi hatuzilaumu; zimewafariji wagonjwa wengi. Lakini simu huimba wala haisali. Nyumba ambayo simu huimba na watu hunyamaza imekuwa kama mtu aliyemtuma jirani akale chakula kwa niaba yake. Jioni, kabla ya kulala, izimeni. Baba aanze wimbo mmoja, hata kama sauti yake ni mbaya. Mama na watoto waitikie. Zamu izunguke, ili mtoto mdogo naye apate siku yake ya kuanza. Mama asiyejua kusoma asione haya. Tunamjua mama mmoja, mjane, ambaye hajui herufi hata moja, na wanawe watano wote wajua habari ya Mwana Mpotevu kutoka mwanzo hata mwisho, kwa kuwa aliitia katika wimbo wa kutwangia. Samaki mkunje angali mbichi.

Asubuhi mwendapo shambani, imbeni. Penye mgonjwa, imbeni kwa sauti ya chini, si kwa kumwonyesha huruma zenu, bali kumbeba. Daudi alimpigia Sauli kinubi, na Sauli akapata nafuu. Penye msiba, mkae na wafiwa usiku, msiuache usiku huo uwe wa maneno ya uchawi na ya kumtafuta aliyeua. Wimbo mmoja wa tumaini huufunga mlango ambao maneno mia hayaufungi. Na penye ugomvi wa mke na mume, jaribuni kuimba pamoja kabla ya kulala. Ni vigumu sana kuendelea kumkasirikia mtu mnayetafuta naye sauti moja.

Mwisho, twaomba kwenu kazi moja. Katika kila kijiji yuko mzee au bibi mwenye nyimbo ambazo hazimo katika kitabu chochote. Mwendeeni msimu huu, kabla ya palizi, wala msingoje pamba. Chukueni daftari na kalamu, au simu yenu hiyo hiyo iwe na kazi njema ya kuzishika sauti zao. Andikeni maneno, andikeni ni nani aliyetunga na wimbo huimbwa lini. Mtakapopata, leteni nakala kwa mwalimu wenu, zisomwe na wazee wa kanisa, na zilizo njema zifundishwe.

Nawe ndugu uliyeuliza umsikilize nani, jibu letu ni hili: anza na yule aliyenyamaza. Mtazame Jumapili hii ameketi wapi, kisha mwendee nyumbani kwake, ukamwulize kwa nini haimbi. Huenda chanzo ni mkono wa mtu fulani ulioinuliwa zamani. Kama ulikuwa wako, mwombe radhi upesi.

Mungu awape mvua ya kutosha, na mioyo yenye shukrani. Tutaonana mwezi ujao, akipenda Bwana.